Hisa za marehemu: dalali aliagizwa nini?



Ndugu Waislamu, usiku mmoja baada ya Swala ya Isha tulifikiwa hapa Sekei, Arusha, na familia iliyokuwa imebakiza hatua moja tu kuvunja undugu. Baba yao alifariki akaacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mahakama ya Mwanzo ilimteua kijana mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Nyumba na shamba la migomba havikuwaletea taabu. Kilichowagombanisha ni hisa 8,000 za kampuni moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Idadi na bei tutakazozitaja tumezibadilisha ili kuwasitiri wenyewe, lakini mambo yalikwenda kwa namna hiyo hiyo.

Siku walipokaa kikao, gazeti liliandika kwamba hisa moja ni shilingi 1,200. Wakapiga hesabu: jumla ni shilingi 9,600,000. Kwa Sharia mjane ana thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki hugawanywa baina ya watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke moja. Hivyo mama aliandikiwa shilingi 1,200,000, kila kijana 2,400,000 na kila binti 1,200,000. Kabla hata hisa hazijauzwa, kila mmoja alikuwa ameshaitumia sehemu yake moyoni. Mama alitaka kuezeka upya nyumba, na binti wa mwisho alikuwa akisubiri ada, kwani chuo kilikaribia kufunguliwa. Wakamwambia kaka yao: uza upesi.

Wiki chache baadaye kaka alirudi na hesabu ya shilingi 8,240,000, kabla ya kuondoa ada za dalali na za soko. Zilipungua shilingi 1,360,000. Binti mkubwa, aliyesema kwa niaba ya wenzake, alitueleza kwa adabu: “Shekhe, sisi hatumtuhumu kaka. Tunachosema ni kwamba hesabu haikai sawa.” Sote pale tulijua neno hilo lina maana gani. Kaka mtu aliinamisha kichwa akasema: “Nimeleta nilichopewa, shekhe. Sijala hata senti moja ya baba.” Mama yao hakusema kitu.

Tuliomba karatasi. Kaka alikuwa nazo mbili: nakala ya fomu aliyojaza kwa dalali, na hati ya mauzo aliyopewa baada ya kazi kukamilika. Katika fomu, mahali pa kuandika bei, palikuwa na maneno “bei ya soko”. Katika hati ya mauzo palikuwa na bei tatu tofauti. Tunakiri kwamba usiku ule hatukuweza kuwaamulia. Fiqhi ya mauziano na ya uwakala tuliisoma madrasa, kisha tukaisoma tena chuo kikuu, lakini fomu ile hatukuwahi kufundishwa. Tuliomba muda, tukauliza wajuzi, na leo tunaona ni wajibu kuyaweka hadharani tuliyojifunza. Familia zenye hisa sasa ni nyingi, na ugomvi wa aina hii tunauona ukija katika nyumba nyingine.

Hisa haina bei moja

Wengi wetu tulizijua hisa kupitia mauzo ya mara ya kwanza kwa umma. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, lakini watu wa kawaida walijitokeza kwa wingi baadaye. Mwaka 2008 Serikali iliuza asilimia 21 ya benki ya NMB kwa shilingi 600 kila hisa. Mwaka 2009 benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa shilingi 150. Mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 kwa umma, Vodacom Tanzania iliuza kwa shilingi 850. Jirani zetu wa Kenya walipanga foleni mwaka 2008 kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za kwao.

Katika mauzo ya namna hiyo bei imetajwa mapema, nayo ni moja kwa wote. Tajiri na maskini hujaza fomu ile ile na kulipa kiasi kile kile kwa hisa. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa ambalo familia yetu ya Sekei iliingia nalo. Mtu hudhani hisa ina bei yake, kama gazeti au stempu ya posta, na kwamba siku akitaka kuuza ataikuta bei hiyo imeandikwa ukutani.

Mambo hubadilika mara hisa zinapoorodheshwa sokoni. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu anayepanga bei. Ziko safu mbili: upande huu wamesimama wanaotaka kununua, kila mmoja ametaja bei yake na idadi anayoitaka, na upande wa pili wamesimama wanaotaka kuuza, kila mmoja na bei yake na idadi yake. Mnunuzi aliyetaja bei kubwa kuliko wenzake husimama mbele, na muuzaji aliyetaja bei ndogo kuliko wenzake naye husimama mbele. Wawili wakilingana bei, aliyetangulia kufika ndiye wa kwanza. Biashara hufanyika pale tu maneno ya mnunuzi na ya muuzaji yanapokutana. Hisa za Safaricom zilipoanza kuuzwa sokoni Juni 2008 zilikuwa juu ya shilingi 5, na kabla ya mwaka huo kwisha zilikuwa chini yake. Hakuna aliyetangaza kuzipandisha wala kuzishusha. Ni safu mbili zile zilizosogea.

Je, ile bei ya gazetini ni nini? Ni habari ya biashara iliyokwisha kufanyika. Inatueleza kwamba jana watu wawili walikubaliana kwa shilingi 1,200. Haituelezi kama walikubaliana kwa hisa 8,000 au kwa hisa 50, wala haituahidi kwamba yupo mtu leo anayesubiri kununua kwa bei hiyo. Aidha, ikumbukwe kwamba soko letu bado ni dogo. Ziko kampuni ambazo hisa zake hukaa siku nyingi bila hata biashara moja kufanyika, na bei yake gazetini huwa ile ile ya zamani.

“Uza kwa bei utakayoikuta”

Sasa tutazame agizo lenyewe, ambalo madalali wa hisa hulitaja kwa jina la oda. Aina ya kwanza ndiyo aliyoiandika kaka mtu: oda ya bei ya soko. Maana yake ni kumwambia dalali, “Uza sasa, kwa bei yoyote iliyo bora utakayoikuta.”

Wakazi wa Arusha wanalielewa jambo hili bila ya mwalimu. Mama anayeishi pembeni mwa Meru akimtuma kijana wake na mikungu 20 ya ndizi katika soko la Tengeru, anaweza kumwambia auze kwa bei atakayoikuta. Kukiwa na wanunuzi wengi wenye malori, kijana atauza vizuri na kurudi mapema. Lakini kukiwa na wanunuzi watatu tu, wa kwanza atachukua mikungu miwili kwa bei nzuri, wa pili mitano kwa bei ya chini, na wa tatu, akijua kijana hana pa kwenda na ndizi zake, atachukua iliyobaki kwa bei ya kumsikitisha mama. Kijana hajaiba. Ametii agizo alilopewa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa hisa zile 8,000. Katika safu ya wanunuzi, wa mbele alitaka hisa 500 tu kwa shilingi 1,180. Nyuma yake walikuwapo waliotaka hisa 1,500 kwa shilingi 1,100. Wengine wote, waliozimaliza hisa 6,000 zilizobaki, walikuwa wametaja shilingi 1,000. Dalali aliuza kwa siku kadhaa, safu kwa safu. Tukizidisha, 500 kwa 1,180 ni shilingi 590,000. 1,500 kwa 1,100 ni shilingi 1,650,000. Na 6,000 kwa 1,000 ni shilingi 6,000,000. Jumla ni shilingi 8,240,000 kamili. Hesabu ya kaka ilikuwa inakaa sawa. Isiyokaa sawa ni ile iliyopigwa kikaoni, kwa kuchukua bei ya hisa chache za jana na kuizidisha kwa hisa 8,000 za leo.

Si haki kusema kwamba oda ya bei ya soko ni mbaya. Ina faida moja kubwa: biashara hufanyika upesi, maadamu yupo mtu upande wa pili. Mwenye hisa chache za kampuni ambayo hisa zake huuzwa na kununuliwa kwa wingi kila siku hatapoteza kitu cha maana kwa kuitumia. Mwenye mgonjwa wa kupelekwa hospitali hana nafasi ya kubishania shilingi 20. Lakini mwenye hisa nyingi, katika soko lenye wanunuzi wachache, akisema “bei ya soko” amewakabidhi wanunuzi kalamu ya kuandika bei. Na anayenunua kwa neno hilo yumo katika hatari ile ile, kwa upande wa pili. Akitaka hisa 1,000, na wauzaji wa shilingi 1,200 wana hisa 300 tu, atalazimika kuzitafuta 700 zilizobaki kwa walioko nyuma yao. Wakiwa wametaja shilingi 1,260, atatoa shilingi 1,242,000 badala ya 1,200,000 alizozipigia hesabu.

“Usishuke chini ya hapa”

Aina ya pili ni oda yenye kikomo cha bei. Muuzaji humwambia dalali, “Uza, lakini usishuke chini ya shilingi 1,150.” Mnunuzi naye husema, “Nunua, lakini usipande juu ya shilingi 1,200.” Kikomo hicho ni sakafu kwa anayeuza na ni dari kwa anayenunua. Asipopatikana mtu wa upande wa pili ndani ya mpaka huo, biashara haifanyiki, na hisa au fedha hubaki kwa mwenyewe.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba kikomo si bei kamili. Aliyesema asiuziwe chini ya shilingi 1,150, akapatikana mnunuzi wa shilingi 1,180, ataandikiwa shilingi 1,180. Ile ziada ni yake yeye mwenye mali. Hapa Uislamu una mfano ulio wazi, uliopokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari. Mtume (SAW) alimpa sahaba Urwa al-Bariqi (RA) dinari moja amnunulie mbuzi au kondoo. Urwa alipata wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari moja, akarudi na mnyama pamoja na dinari. Mtume (SAW) alimwombea baraka katika biashara yake. Wanazuoni wanapozungumzia uwakala huitazama sana habari hii, na funzo letu ndani yake ni kwamba wakala akipata bora kuliko alivyoagizwa, faida humrejea aliyemtuma. Dalali huchukua ada yake iliyotajwa, na si kinyume cha hapo.

Hata hivyo, oda yenye kikomo nayo ina gharama yake: huenda isitimizwe kabisa. Tunamjua mzazi mmoja aliyetaka kuuza hisa ili alipe ada za watoto mwezi wa Januari. Akaweka kikomo juu kidogo ya bei ya siku ile, kwa kutumaini. Wanunuzi walikaribia lakini hawakufika. Bei ikaanza kushuka, naye akabaki na kikomo chake hadi shule zikafunguliwa. Hatimaye alikopa. Mzazi huyu hakudanganywa na mtu, ila alichagua kuilinda bei akausahau muda. Anayeweka kikomo ajiulize kwanza: ikiwa hisa hizi hazitauzwa mwezi huu, nitadhurika kiasi gani?

Muda na idadi

Baada ya bei, fomu huuliza mambo mengine mawili ambayo watu huyapita haraka.

La kwanza ni muda. Oda inaweza kuwa ya siku hiyo tu, na jua likizama ikawa imekufa. Inaweza kuwa hai hadi tarehe iliyotajwa, au hadi mwenyewe aifute kwa mujibu wa kanuni za soko. Oda iliyosahaulika ni hatari. Mtu huweka kikomo cha kuuza akasafiri, kampuni ikatangaza habari njema, bei ikapanda, na hisa zake zikauzwa kwa kikomo cha zamani hali yeye amekwisha kubadili nia. Dalali hana lawama, kwa sababu agizo lilikuwa halijafutwa.

La pili ni idadi. Je, dalali anaruhusiwa kuuza sehemu, akauza 500 leo na nyingine kesho? Au unataka ziuzwe zote kwa pamoja ama zisiuzwe? Katika soko lenye wanunuzi wachache, mwenye hisa nyingi akikataa kuuza kwa sehemu anaweza kusubiri sana. Akikubali, basi asishangae kuona hati ya mauzo ina mistari mitatu yenye bei tatu. Ilikuwa hivyo kwa familia yetu, na laiti wangeijua hati ile inavyosomwa, wasingefika kwetu usiku.

Oda inayolala hadi bei ishuke

Iko aina ya tatu, inayotumika zaidi katika masoko makubwa ya nje, na vijana wetu wanaofuatilia masoko hayo kwa intaneti huisifu sana: oda ya kuzuia hasara. Mwenye hisa husema, “Bei ikishuka hadi kiwango fulani, uza.” Oda hulala bila kazi, kisha bei ikigusa kiwango hicho huamka. Wengi hudhani wamewekewa ukuta usiopitika. Sivyo, kwani oda hiyo ikiamka kwa kawaida hugeuka kuwa oda ya bei ya soko, yaani huuza kwa bei yoyote itakayoikuta.

Tarehe 6 Mei 2010 masoko ya Marekani yalionyesha maana ya jambo hili. Ndani ya dakika chache kipimo maarufu cha hisa cha Dow Jones kilishuka karibu pointi 1,000, kisha sehemu kubwa ya anguko hilo ikarudi. Wanunuzi walijiondoa, na oda za bei ya soko pamoja na zile zilizoamka zikawa zinateremka safu baada ya safu zikitafuta mtu wa kununua. Hisa za makampuni makubwa yenye afya ziliuzwa kwa senti moja. Biashara zaidi ya 20,000, katika hisa na dhamana zaidi ya 300, zilifanyika kwa bei iliyo mbali kwa zaidi ya asilimia 60 na ile ya dakika chache kabla, na ikabidi zifutwe. Mwanzoni mwa mwaka 2016 Soko la Hisa la New York liliacha kabisa kupokea oda za namna hiyo. Ikiwa hayo yalitokea katika soko lenye wanunuzi wengi kuliko yote duniani, basi sisi wenye soko dogo tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu na maneno “kwa bei yoyote”.

Ridhaa hutaka ujuzi

Tunapoyatazama haya kwa mizani ya dini, tunakuta msingi wake ni wa kale. Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nisaa aya ya 29, imeifunga halali ya biashara na kuridhiana. Na ridhaa haiwi kamili kwa mtu asiyejua anachokiridhia. Ndiyo maana Mtume (SAW) alikataza watu kwenda kuupokea njiani msafara wa wenye bidhaa kabla haujafika sokoni, na imepokewa kwamba muuzaji aliyeuza hivyo ana hiari akifika sokoni. Yule mtu wa msafara aliuza kwa hiari yake, ila hakuwa ameiona bei. Mwenye hisa anayesema “uza” bila kuuliza wanunuzi wamesimama wapi anajiweka mwenyewe katika hali ya yule msafiri.

Aidha, Mtume (SAW) alikataza najash, nayo ni mtu kutaja bei hali hana nia ya kununua, ili kuwahadaa wengine. Anayeingiza sokoni oda kubwa ya uongo ili safu ionekane ndefu, kisha akaifuta, amelifanya hilo hilo kwa kompyuta. Ama kuhusu kampuni ipi inafaa kumilikiwa na Muislamu, kwa kuwa ziko zinazotengeneza pombe na zinazoishi kwa riba, hilo ni swali la kutangulizwa kabla ya yote haya, nalo linahitaji makala yake.

Jambo hili sasa limeingia mifukoni mwetu. Zamani mtu alilazimika kumfuata dalali ofisini, wakazungumza, na dalali mwema alimwonya. Leo, kwa huduma ya Hisa Kiganjani ya Soko la Dar es Salaam, kijana wa Sekei hununua na kuuza akiwa juu ya kitanda. Ni neema, na inawafikia watu ambao dalali hakuwafikia. Lakini simu haimuulizi mtu kama amefikiri. Mzazi anayemfundisha mwanawe kuweka akiba katika hisa amfundishe pia kusoma safu mbili kabla ya kubonyeza.

Tulivyowaambia

Familia ile ilirudi, nasi tukawachorea safu ya wanunuzi juu ya karatasi na kuwasomea hati ya mauzo mstari kwa mstari. Tuliwaambia kwamba mkono wa msimamizi ni mkono wa amana. Halipi kilichopungua isipokuwa amevuka mipaka au amefanya uzembe. Kaka yao aliambiwa na wote “uza upesi”, akauza upesi. Shilingi 1,360,000 hazikuibwa na mtu. Ilikuwa bei ya haraka, na haraka ile waliiagiza wote.

Lakini hatukumwachia kaka bila neno. Aliweka saini katika fomu asiyoielewa, juu ya mali ya watu watano wengine, na hakumuuliza dalali hata swali moja. Kutia saini amana kunataka zaidi ya moyo safi. Kisha tuliwaonyesha njia iliyokuwapo na hawakuijua: hisa za marehemu si lazima ziuzwe ndipo zigawanywe. Kila mrithi anaweza kufunguliwa akaunti ya kuhifadhia hisa na kuhamishiwa fungu lake. Hisa 8,000 zingegawanyika bila kubaki hata moja: mama 1,000, kila kijana 2,000, kila binti 1,000. Mwenye haja ya fedha angeuza zake, asiye na haja angesubiri. Binti wa mwisho angeuza 1,000 zake kwa ajili ya ada, 500 kwa shilingi 1,180 na 500 kwa shilingi 1,100, akapata shilingi 1,140,000 kabla ya makato. Katika mgawanyo waliofanya, kila binti alipata 1,030,000, nayo bado haijakatwa ada.

Tunawausia, basi, kila mwenye hisa, na hasa kila msimamizi wa mirathi. Kwanza, hakikisha dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Pili, usiulize tu hisa ni bei gani. Uliza wapo wanunuzi wangapi, wanataka ngapi, kwa bei zipi. Tatu, ukiwa na hisa nyingi na huna haraka, taja kikomo, tena kikomo kinachoweza kufikiwa. Nne, ukiwa na haraka, uza kiasi kinachotosheleza haja yako tu. Tano, taja mwisho wa oda, na uandike tarehe hiyo mahali utakapoiona. Sita, kama mali ni ya wengi, waonyeshe fomu kabla ya kuitia saini na hati ya mauzo baada ya biashara. Allah (SW) ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, tusichoke kuandika mambo ya kukopeshana, madogo kwa makubwa, na hekima ya amri hiyo ni kuondoa shaka baina ya watu.

Usiku ule wa pili binti mkubwa ndiye aliyetangulia kusimama. Alimwomba kaka yake radhi mbele ya mama yao, na kaka naye akaomba radhi kwa kutouliza. Mama akasema neno lake la kwanza tangu walipoanza kuja kwetu: “Sasa baba yenu apumzike.”